Mionzi siku 25 huku unalala nyumbani: jinsi ya kumsindikiza mgonjwa Ocean Road bila kuruka siku

Haya nayaandika kwa ajili yako ambaye mama, dada au shangazi ameambiwa "utaanza mionzi" na nyumba nzima imenyamaza, kila mtu anawaza lake, mwingine anawaza atababuka, mwingine anawaza hela. Mama yangu alitoka Muheza akaja kukaa kwangu Tandika, saratani ya mlango wa kizazi, akapigwa pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mionzi ya nje (mashine inapiga kutoka nje ya mwili) siku 25 na baadae ya ndani mara tatu. Hakulazwa hata siku moja. Tunaenda asubuhi tunarudi mchana, kesho tena.

Nianze na hili maana ndo linalowashinda wengi: mionzi yenyewe haiumi, unalala kwenye kitanda, mashine inakuzunguka, dakika chache umemaliza. Kazi iko kwenye kwenda kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, mvua, foleni, kuharisha, msiba kijijini, hela imeisha, na bado kesho saa moja asubuhi uko pale. Kwa hiyo mwongozo huu asilimia kubwa ni wa hiyo "kesho tena", sio wa mashine.

1. Makaratasi

Usipande basi bila haya: barua ya rufaa, majibu yaliyoandikwa ya kinyama kilichokatwa kupimwa, na kama hospitali ya kwanza wanaweza kukupa chukua na kile kinyama chenyewe kilichogandishwa kwenye nta, kwa sababu wanaweza kutaka kukiangalia upya na ukikosa unarudi ulikotoka. Picha zote za utrasaundi, eksirei, CT skani. Kadi ya bima kama ipo, kitambulisho. Dawa anazotumia ziweke zote kwenye mfuko mmoja na umpelekee daktari aone, hata za presha, hata zile za mwenye duka la mitishamba.

Na hapa niseme wazi kitu ambacho wagonjwa wanakificha: kama anatumia ARV, mwambieni daktari. Sio aibu, saratani hii na virusi vya UKIMWI vinakwenda pamoja sana na pale wamezoea. Kile kidonge cha ARV wanachokiita TLD kina dawa ya tenofovia, na kuna dripu ya kemo (dawa ya saratani) wanayochanganya na mionzi, sisiplatini, zote mbili figo ndo zinazibeba. Daktari akijua atapima figo na kupanga vizuri, asipojua mnacheza na figo za mtu. Na ARV haziachwi kwa sababu ya mionzi.

Piga picha kila karatasi kwa simu, ziweke kwenye albamu moja. Mie faili la mama lililoana siku moja kwenye pantoni tulipotoka kumsalimia dada yake Kigamboni, picha ndo zilituokoa.

2. Mtalala wapi na nauli ni shilingi ngapi

Kaa chini na kalamu kabla ya kuanza. Mfano kwenda na kurudi watu wawili ni 6,000, mara siku 25 ni 150,000, hapo hujala, hujanunua maji, hujaweka bajaji ya siku ambazo mgonjwa hawezi kupanda daladala, na niamini zitakuwepo, kuanzia wiki ya tatu. Kwetu tulikua tunapanda daladala mpaka Posta afu bajaji mpaka getini. Hospitali iko kule baharini, ukitokea Feri unapita upande wa Ikulu, jengo la zamani la Wajerumani la miaka ya 1890 utaliona lenyewe. Taasisi ya saratani kama taasisi ni ya 1996. Wa Kanda ya Ziwa kumbukeni Bugando pale Mwanza nao wana mionzi, ulizeni kwanza huko kwenu kabla ya kukata tiketi ya Dar.

Kama una ndugu wawili Dar, mmoja Mbezi ana nyumba nzuri na mwingine Ilala ana chumba kimoja, nenda kwa wa Ilala. Ndugu watanuna, waache wanune. Mgonjwa wa nyonga hawezi kukaa saa mbili kwenye gari kibofu kimejaa.

Huna ndugu na huna hela? Siku ya kwanza kabisa ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, usisubiri mpaka umekwama. Waeleze hali ilivyo, nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Usijione unaomba omba, wale ndo kazi yao. Malipo yote dai kontroo namba na ulipe benki au kwa simu, mtu akikwambia nipe mkononi nikusaidie kuwahi, mpite kama hujamsikia.

3. Siku ya kupimwa na kuchorwa

Siku hii hapigwi mionzi, watu wanachanganya. Anawekwa kwenye kitanda vile vile atakavyolala kila siku, anapigwa CT skani, wanapanga mionzi ipite wapi iache wapi, halafu wanamchora mistari mwilini kwa wino, au vinukta vidogo vya kudumu. Mama alichorwa misalaba mitatu, mmoja chini ya kitovu na miwili kwenye nyonga, kulia na kushoto. Ule mchoro ndo ramani. Kila siku wanalinganisha taa nyekundu ya ukutani na ile misalaba kabla hawajawasha mashine.

Wenye saratani ya koo, mdomo au pua wao wanatengenezewa kinyago cha plastiki, kinalainishwa kwa maji moto kinakandamizwa usoni kinaganda na sura yako, ili kichwa kisicheze. Kinabana lakini unapumua. Hao waende kwanza kwa daktari wa meno, meno mabovu yang'olewe na kidonda kipone kabla ya kuanza, kwa sababu taya likishapigwa mionzi, kung'oa jino baadae ni balaa, mfupa unagoma kupona.

Baada ya kuchorwa kuna kusubiri tarehe. Kipindi hiki damu iangaliwe, ikiwa chini anaongezewa kabla. Juisi ya rozela kunywa, ni tamu, lakini wingi wa damu ukiwa 7 rozela haikutoi hapo, anahitaji chupa ya damu.

4. Siku yenyewe inavyokwenda

Vaa dera au gauni jepesi kuvua, khanga mbili kwenye mkoba, moja ya kujifunga ukivua na moja ya akiba. Cheni, shanga za kiunoni, vyote vibaki nyumbani. Ndio, shanga pia, kuna mama mmoja alikatiwa pale pale mlangoni zikamwagika sakafuni, wazee wote foleni nzima tukawa tunaokota.

Unaweka kadi, unasubiri, unaitwa. Ndani wanamlaza, wanasogeza kitanda, wanalinganisha ile misalaba, afu wote wanatoka wanamwacha peke yake. Hapo ndo wengi wanaogopa. Mwambie mapema: wanatoka kwa sababu wao wako pale kila siku mwaka mzima, mionzi ingewazidia, na wanamuona kwenye kamera, akiinua mkono wanasimamisha. Hatasikia joto, hatasikia maumivu, atasikia muungurumo tu. Asicheze, apumue kawaida.

Ukisikia mwenzako kakaa dakika mbili na wewe kumi usianze maneno. Mashine hazifanani. Za kobalti zina chuma cha mionzi ndani ambacho kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake inabaki nusu, kwa hiyo kikizeeka dozi ile ile inachukua muda mrefu zaidi. Hizi nyingine za umeme, wenyewe wanaziita linaki, hazina chuma hicho ndani, zikizimwa zimezimwa. Dozi ni ya kwako imeandikwa kwa ajili yako.

Na jamani, akitoka pale hana mionzi mwilini. Hii mionzi ya nje ni kama tochi, ukizima ukutani hakubaki mwanga. Anakumbatia wajukuu, analala na mtoto, anapika. Shemeji yangu alimtengea mama sahani na kikombe chake peke yake, kwa nia njema tu, mama akawa anakula huku analia. Tuliongea yakaisha lakini ile sahani ya bluu mpaka leo sitaki kuiona.

5. Maji

Wanaopigwa nyonga wanaambiwa waje kibofu kimejaa. Sababu ni hii, kibofu kikijaa kinayasukuma matumbo juu yanatoka kwenye njia ya mionzi, na mlango wa kizazi unakaa pale pale ulipopimwa siku ya CT. Kwa hiyo kila siku kiwango kile kile. Sisi tuliambiwa akojoe, anywe nusu lita, asubiri kama nusu saa mpaka dakika arobaini na tano. Nyie fuateni mlivyoambiwa nyie.

Mama alikua anaogopa kujikojolea njiani kwa hiyo anakunywa kidogo afu anasema amemaliza. Siku ya sita ndo mtaalamu akamuuliza, "Mama, maji umekunywa?" akajibu "Nimekunywa mwanangu", yule kaka akamtazama tu akasema "Mama, mashine haidanganywi", tukatolewa tukanywe upya. Kuanzia siku hiyo nikawa nanunua chupa ya nusu lita mbele yake, anaimaliza nikiangalia, na pedi kubwa kavaa kwa ajili ya amani ya moyo. Usinyweshe mgonjwa maji nyumbani kama mnasafiri saa nzima. Subiri mfike, uliza foleni ikoje, ndo anywe.

Halafu kuna kufunga. Mama ana kawaida ya sunna za Jumatatu na Alhamisi, nilimwambia haiwezekani hakunisikia, ilibidi shehe wa mtaani aje nyumbani amwambie mgonjwa ana ruhusa. Kama ratiba inaangukia Ramadhani lizungumzeni mapema na daktari na shehe wenu, sio siku ya tatu mtu kashaanguka.

6. Ngozi na ile michoro

Kosa langu hili hapa. Siku ya nne nilimuogesha mama kama ninavyomuogesha siku zote, dodoki na sabuni, nikamsugua vizuri, msalaba wa kushoto ukaondoka. Asubuhi mtaalamu kaangalia, kakuta miwili. Ilibidi wapime upya kwa kutumia vipimo vilivyo kwenye faili, tukatoka pale saa tisa mchana na mama hajala. Basi jifunzeni kwangu:

Sehemu iliyochorwa ni maji ya uvuguvugu tu, mkono mtupu, kisha gusa gusa na kitambaa laini kukausha. Dodoki hapana. Liwa hapana, msio hapana, pafyumu, poda, deodoranti kwa wa matiti na kwapa, hapana. Mchoro ukififia usiurudishie mwenyewe na kalamu ya mtoto, nenda waurudie wao.

Na sisi watu wa pwani tuna hii ya kukanda. Mgonjwa akilalamika kiuno bibi kashachemsha maji. Usimkande na maji moto mahali panapopigwa mionzi, wala barafu, wala kujifukiza. Ngozi pale iko kama imeungua na jua, inakua nyeusi, inawasha, kwenye mikunjo inaweza kuchubuka. Ikichubuka muonyeshe nesi, atakupa cha kupaka. Mafuta ya kupaka yoyote uliza kwanza, na usipake muda mfupi kabla ya kupanda kitandani.

7. Kula, kuharisha, kuchoka

Wiki mbili za kwanza mama alikua anacheka, anasema kumbe ndo hii tu. Wiki ya tatu tumbo likaanza. Mionzi ya nyonga inagusa utumbo, kuharisha ni kawaida, na mkojo kuchoma pia. Punguza maharage, kabichi, maziwa, pilipili, mafuta mengi. Ongeza wali laini, ndizi, mtori, viazi, samaki wa kuchemsha, yai. ORS iwepo ndani. Dawa ya kuzuia kuharisha wataandika, usinunue tu dukani kwa sababu wakati mwingine ni maambukizi.

Uchovu ni wa aina yake, sio wa kulala ukaamka vizuri. Anarudi anakaa kwenye mkeka uani, hata kuongea hataki. Usimwambie ajikaze. Asubuhi mapema atembee kidogo mpaka kibandani na kurudi, inasaidia kweli, mchana alale.

Mtu atakuja na chupa ya dawa ya kutibu saratani, mjomba wa jirani kaponea. Atakuja tu, hata mkihama. Sisi ilikua ya unga, tukampa daktari, akasema ikae mpaka matibabu yaishe maana hajui ndani kuna nini na figo za mama zinabeba dripu. Mama aliiweka juu ya kabati, ikawa ndo ya kuzibia tundu la panya.

8. Siku ya dripu

Kwa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi kuna dripu ya kemo mara moja kwa wiki pamoja na mionzi. Siku hiyo ni ndefu. Kipimo cha damu na figo kinafanyika kabla, kikiwa kibaya dripu inasogezwa, msigombane na nesi. Beba chakula, shuka, chaja ya simu. Dawa ya kichefuchefu aimeze kwa saa zake hata kama hajasikia kichefuchefu.

9. Kuruka siku

Hapa nitakaa kidogo.

Saratani haijui kwamba ulikuwa na udhuru. Zile seli zikipata nafasi ndefu zinaota tena, ndo maana kwa mlango wa kizazi madaktari wanataka mionzi yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki nane. Mashine ikisimama kwa matengenezo au ikiangukia sikukuu, hiyo haiko mikononi mwako, uliza tu "siku hii tunailipiaje" ili ihesabiwe. Zilizo mikononi mwako ndo usiziruke.

Siku ya kumi na moja tulipigiwa simu, mdogo wake mama kafariki Muheza, maziko Alhamisi. Mjomba akasema dada wa marehemu asipokuwepo watu watasemaje. Nilikaa chini na mama nikamuonyesha kadi yenye siku zilizobaki, nikamwambia uamuzi ni wako. Alilia, akasema kesho tunakwenda hospitali. Alhamisi tukaenda, Ijumaa tukawahi foleni, saa sita tumemaliza, saa nane tuko kwenye basi la Tanga, tukafika usiku, tukakaa Jumamosi na matanga, Jumapili tukarudi. Hakumzika mdogo wake. Lakini hakuruka siku. Kama una harusi, arobaini, kesi ya shamba, dirisha lako ni hilo hilo la Ijumaa mchana mpaka Jumapili.

Kadi ya mahudhurio tulibandika karatasi yake ukutani, mjukuu ndo kazi yake kuweka alama kila tukirudi. Alikuwa anamsubiri bibi mlangoni na kalamu.

10. Mionzi ya ndani

Hii inatisha kusikia. Wanaingiza vifaa vya chuma kwa njia ya uke mpaka kwenye mlango wa kizazi, wanapima, halafu mashine inapeleka chanzo cha mionzi ndani ya vile vifaa kwa dakika kadhaa, kinarudi, vifaa vinatolewa, anaenda nyumbani. Sio kama ya nje, hii inaweza kuuma, sitakudanganya. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo muulizeni daktari: atapewa dawa gani ya maumivu, aje hajala au amekula, na baada ya hapo apumzike muda gani. Ombeni dawa mapema, msisubiri mpaka yuko kitandani kabana meno. Siku hiyo usimwache apande daladala, kodi bajaji au taksi. Kidamu kidogo siku moja mbili kinaweza kutoka.

11. Usisubiri zamu yako ukiona haya

Homa ya 38 na kuendelea, hasa kama yuko kwenye dripu. Damu inayojaza pedi ndani ya saa moja. Anatapika kila kitu hata maji. Anaharisha mpaka kizunguzungu. Mkojo hautoki. Mguu mmoja umevimba unauma. Hapo ni hospitali ya karibu usiku huo huo na makaratasi mkononi, umwambie daktari wa zamu yuko kwenye mionzi siku ya ngapi.

12. Akimaliza

Watu wanadhani siku ya 25 ndo mwisho wa madhara. Uchovu na ngozi vinaendelea wiki kadhaa baadae, wala haimaanishi dawa imekataa. Kwa ambaye alikua bado anaona siku zake, zitakatika, na majoto ya ukomo wa hedhi yatakuja, aambiwe kabla na sio baada. Na wakati wa matibabu asishike mimba kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama mtoto nisingeweza kumwambia mama yangu. Mionzi inaufanya uke ukaze na kushikana, hata daktari anashindwa kupima, kwa hiyo anapewa kifaa laini cha kuingiza ukeni na mafuta ya kulainisha, anaelekezwa kukitumia mara kadhaa kwa wiki, kuanzia wiki chache baada ya kumaliza, hata kama hana mume. Yule nesi aliniambia "dada hebu tupishe", akafunga mlango, wakakaa humo karibu nusu saa, nasikia kicheko tu. Mama alitoka anasema yule mtoto ni kungwi kamili. Kwa hiyo msindikizaji, ukiambiwa toka, toka.

Tarehe ya kurudi kliniki ya kwanza huwa ni kama wiki sita hivi, halafu kila miezi michache. Msidharau kwa sababu damu imekata.

Na kabla hamjaondoka dai karatasi ya muhtasari wa matibabu: sehemu gani imepigwa, dozi ngapi, siku ngapi, tarehe ya kuanza na kumaliza. Sehemu ya mwili iliyokwisha kupigwa ina kikomo chake, na miaka ijayo daktari yeyote akitaka kumpiga mionzi tena lazima ajue pale palishapokea kiasi gani. Ya mama iko Muheza, imefungwa nailoni mbili, kwenye sanduku moja na hati ya shamba la machungwa, na funguo anayo mwenyewe.